Otesha waridi la jangwani kwa mbegu, liache la porini mahali pake

Haya, karibuni tena kitaluni. Leo ni waridi la jangwani, tangu ganda la mbegu hadi mche. Ukipita barabara ya Mombasa wakati wa kiangazi, kati ya Taru na Voi, utaliona. Vichaka vimekauka vyote, lenyewe halina hata jani, na bado limechanua petali tano tano za rangi ya waridi. Nalipenda ua hili kuliko lolote ninalolilea hapa.

Kabla sijashika kitu, nina ombi. Msilichimbe porini. Lile shina lililovimba chini, sisi tunaliita kitako, ndiyo ghala lake la maji, na limejengeka kwa miaka mingi. Jembe likilijeruhi, maji yanaingia kidondani na linaoza. Mbegu itakupa kitako kizuri kabisa. Tawi nalo huota ukilichomeka, lakini mara nyingi halinenepi vizuri chini, ndiyo maana mimi nasisitiza mbegu.

Sogeza kamera hapa. Mnaona hizi pembe mbili zilizoungana? Hilo ndilo ganda. Likiwa bichi ni kijani, likikomaa linaanza kufifia na kuwa kahawia. Lifunge SASA, lingali kijani, kwa uzi laini, sehemu tatu. Usisubiri libadilike rangi. Na usikaze! Ukikaza, uzi unakata ganda bichi na mbegu hazikomai. Uzi uguse tu. Narudia: funga mapema, usikaze.

Sababu ni hii hapa. Hili limekauka, nalifungua... mbegu ni kama punje ya mchele, ila ina kishungi cha manyoya kila ncha, na... aah, upepo! Funga mlango! Hizo zimekwenda. Mmejionea wenyewe: ganda likipasuka mtini bila uzi, mbegu zako ni za jirani. Kazi hii ifanyieni ndani, feni ikiwa imezimwa.

Manyoya sugueni yatoke. Mchanganyiko: mchanga wa mto sehemu mbili, mboji iliyochekechwa moja, na mkaa kidogo uliopondwa. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Chombo kiwe na matundu chini. Hayo mnayajua, twende.

Mbegu ilaze, usiisimamishe. Ifunike kwa mchanga mwembamba tu, kiasi cha kuificha. Nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, usimwage na kopo. Inataka joto, nyuzi 25 hadi 30. Walio Voi au Mombasa hawana kazi. Walio kwenye baridi ya Limuru tafuteni dirisha lenye jua. Mbegu ikiwa mpya, ndani ya wiki moja hivi utaona vichwa vinachomoza. Mbegu kuukuu hukuvunja moyo, kwa hiyo ukinunua, uliza imevunwa lini.

Subiri, jua limepiga lenzi. Geuza kidogo. Hapo.

Mche ukitoka na gamba la mbegu kichwani, usilivute, litaanguka lenyewe. Sasa punguza maji. Mchanga ukauke juu ndipo unyunyize tena. Shina likilegea pale linapogusa udongo, ukungu umeingia. Ng'oa huo mche mara moja, usiambukize wenzake. Jua uongeze kidogo kidogo, kwanza la asubuhi.

Watazamaji wetu wa Oman, mmea huu mnao wenyewe, huko Dhofar unaota milimani. Aliyeuandika kwanza kisayansi, Peter Forsskål, aliukuta Yemen, na maandishi yake yakachapishwa 1775, yeye akiwa ameshafariki. Kwa hiyo ni mmea wenu kama ulivyo wetu.

Utomvu: huu mweupe ni sumu, unavuruga mapigo ya moyo. Jamii kadhaa za Afrika zimeutia kwenye mishale ya kuwindia. Vaeni glavu mnapokata, oshani mikono, na chombo kiwekeni mahali mtoto au mbuzi hafiki.

Mwisho, kuhamisha. Mche ukijaa chomboni, utoe, kata mizizi iliyooza kama ipo, uache kivulini siku chache hadi vidonda vikauke, ndipo uupande. Kila unapohamisha, uinue kidogo, kitako kionekane juu ya udongo. Usimwagilie siku hiyo hiyo.

Hii miche mnayoiona nyuma yangu inauzwa, na yote imetoka kwenye mbegu za miti yangu hapa kitaluni. Mdogo una majani manne, mkubwa umeshatoa vitumba. Ukitunzwa kwenye jua la kutosha, mche wa mbegu huweza kuchanua ukikaribia mwaka mmoja au kupita kidogo. Na ukitoa ganda, uzi uwe tayari mfukoni.