Hamisha Gawio, Acha Hisa Zitulie

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tuna swali kutoka kwa msikilizaji wetu wa Tabata. Ana hisa za CRDB na NMB. Amesikia kwamba wawekezaji wakubwa huhama kutoka sekta moja kwenda nyingine uchumi unapobadilika, sasa anauliza: auze za benki aingie kwenye saruji? Kaka Baraka, wewe umekaa kwenye udalali wa hisa, anza.

BARAKA: Asante, dada. Wazo lenyewe lina mashiko. Uchumi ukianza kuinuka, mikopo inatoka, watu wanajenga, basi benki na viwanda vya saruji vinapata. Ukishapamba moto, mafuta na malighafi ndiyo yanapanda bei. Ukisinyaa, mtu anaahirisha kununua gari, lakini unga na dawa haachi. Kwa hiyo mwenye kuona mbali anajaribu kununua sekta ambayo zamu yake bado haijafika.

ZUHURA: Na Marekani tuliliona hilo mwaka 2022. Faharasa ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za huko, ilishuka kwa asilimia 19 hivi, wakati hisa za nishati ndani ya soko hilohilo zilipanda kwa zaidi ya asilimia 50.

BARAKA: Ndiyo, lakini rudi nyuma hadi 2020. Hizohizo za nishati ndizo zilikuwa mkiani, zilianguka kwa zaidi ya asilimia 30. Aliyevuna 2022 ni aliyezichukua wakati wenzake wanazikimbia. Halafu Mmarekani ana mifuko ya sekta inayouzwa sokoni tangu 1998. Anabonyeza mara moja, sekta nzima ni yake, na gharama yake ni ndogo mno.

ZUHURA: Sisi hapa Dar je?

BARAKA: Soko letu la hisa la Dar es Salaam lina faharasa tatu za sekta: viwanda, benki na fedha, na huduma za biashara. Kwenye viwanda utawakuta TBL ya bia, Kampuni ya Sigara, na Twiga ya saruji. Kwenye huduma yumo Swissport, wale wa huduma za uwanja wa ndege. Kampuni ni chache, kwa hiyo ukisema "nahamia sekta ya saruji" ujue unahamia kampuni moja au mbili. Likitokea jambo ndani ya kampuni hiyo, sekta haikuokoi.

ZUHURA: Twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

BARAKA: Twende. Mwekezaji mdogo, ukijumlisha ada ya dalali na tozo za soko, analipa takribani asilimia 2 kila anapouza na kila anaponunua. Ukiuza benki za milioni moja ukanunua saruji, shilingi 40,000 hivi imeshaondoka. Saruji inatakiwa iizidi benki kwa asilimia 4 ndipo uwe umerudi ulipokuwa. Ukihama mara mbili kwa mwaka, hiyo ni asilimia 8.

ZUHURA: Hiyo inameza gawio zima, ile faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa!

BARAKA: Mara nyingi inalimeza. Na bado hatujagusa suala la mnunuzi. Bei ya TBL iliganda kwenye shilingi 10,900 kwa miaka. Unaweka oda ya kuuza, inakaa. Huo mpango wa kuhama kwa wakati unahitaji mtu upande wa pili, na siku nyingine hayupo.

ZUHURA: Lakini mimi sikubali kwamba mtu akae tu. Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake, ile inayoongoza riba nyingine sokoni, Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 mwezi Aprili, halafu Julai 2025 ikashusha hadi 5.75. Hizo ni ishara. Kwa nini msikilizaji wetu asizitumie?

BARAKA: Azitumie, ila kwa hela mpya. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Chukua mfano: gawio la CRDB la mwaka wa fedha 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 anapata 65,000, inakatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, asilimia 5, inabaki 61,750. Hiyo ndiyo ya kuhamisha. Ukiona riba inashuka na ujenzi unachangamka, gawio la benki linanunua saruji, pamoja na ile akiba yako ya kila mwezi. Unalipa ada ya upande mmoja tu, na hisa zako za benki zinaendelea kuzaa.

ZUHURA: Kwa hiyo kapu lako la hisa linageuka polepole.

BARAKA: Ndani ya miaka miwili mitatu uzito umeshahama bila kuuza hata hisa moja.

ZUHURA: Na kuuza, ni lini?

BARAKA: Pale kampuni yenyewe inapoharibika. Benki zinachapisha hesabu kila robo mwaka. Tazama mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi. Ikipanda robo baada ya robo huku ya benki nyingine ikishuka, hapo uza hata kama ada inauma. Lakini benki nzima uiuze kwa sababu umesikia eti zamu yake imepita? Hapana, dada. Nimeona wastaafu wakizungushwa hivyo, na aliyekuwa na uhakika wa kupata ni mpokea ada.

ZUHURA: Basi ndugu yetu wa Tabata, CRDB na NMB zako ziache. Gawio likiingia, usiliache lizoee akaunti.

BARAKA: Na kabla ya kuweka oda, fungua Hisa Kiganjani, ile programu ya simu ya soko la hisa, uangalie wauzaji wako bei gani. Kwenye hisa isiyo na wauzaji wengi, weka kikomo cha bei yako, usikubali "bei yoyote".