Nyayo za Laetoli na Mbegu za Mgunga

Nitaanza na kinyesi cha tembo, mniwie radhi. Mwaka 1976 huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, watafiti wa kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakirushiana vinyesi vikavu kama watoto. Andrew Hill, katika kukwepa, akajikuta chini, uso karibu na ardhi, na mbele yake mwamba wenye vishimo vidogo: nyayo za wanyama na alama za matone ya mvua. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, miaka milioni 3.66 iliyopita, mstari wa mita 27 hivi.

Unyayo tifutifuni haumalizi hata siku mbili. Huu ulidumuje? Nyote mmeona sakafu ya saruji ambayo kuku aliikatiza kabla haijakauka. Ndiyo hiyo. Volkano ilimwaga majivu, yakaloweshwa na manyunyu. Ingekuwa mvua ya masika, yangesombwa yote. Wakapita hao wenzetu, jua likawaka, na kwa kuwa majivu yenyewe yalikuwa na kaboneti nyingi, madini ya jamii ya chokaa, yakashika kama saruji. Halafu yakaja majivu mengine, yakafunika.

Kufukua ni mtihani. Majivu yaliyojaa ndani ya unyayo ni ndugu wa yale yaliyoubeba. Ukizidisha mkono kidogo tu, kisigino unachokitoa umekichonga mwenyewe.

Mwaka 1979 nyayo zikafukiwa tena ili zilindwe, kwa mchanga na mawe juu yake. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye mchanga, ambao haukuchekechwa. Ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikapata udongo laini na unyevu, zikashukuru, na baada ya miaka michache pakawa kichaka, mizizi ikishuka kuelekea nyayo zile zile. Ilibidi miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty, ya Marekani, inayoshughulika na uhifadhi wa malikale, wafukue, wakate miti, watoe mizizi mmoja mmoja, wafukie upya. Safari hii mchanga ulichekechwa, na katikati vikatandazwa vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi.

Kwa hiyo ukifika pale leo, utakachokuta ni tuta la mawe. Wageni hununa. Mimi kila nikiliona tuta lile halina mgunga, nafurahi.