Mjane, Simu na Mwanamume Asiyeonyesha Uso

Assalaam aleikum. Shikamooni, mama zangu.

Kama mjane wa miaka 62 anaruhusiwa kutafuta mwenzi kwenye simu, hilo sitalijadili leo. Limekwisha jibiwa. Eda ni miezi minne na siku kumi, ikiisha imeisha. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapopenda na kuolewa na mwanamume amtakaye, hata mila ikisema vingine. Anayewasimanga mlangoni kwa maneno ya "bibi mzima na simu" hana sheria wala dini mkononi. Tumwache.

Mimi nina neno moja, na waliokwisha kunisikia wanalijua: hujauona uso wake ukisema na wewe papo hapo, huyo hujamjua. Picha si uso. Sauti si uso. Video aliyokutumia ikiwa imesharekodiwa, nayo si uso. Mpigie kwa video wewe, saa usiyomwahidi, na mzungumze angalau dakika kumi. Katikati ya maneno mwambie ageuze kichwa mpaka uone sikio, kisha apitishe kiganja mbele ya uso polepole, kisha ataje siku ya leo na ulichomuuliza dakika ile. Kwa nini kiganja? Kwa sababu matapeli siku hizi huvaa uso wa mtu mwingine kwa programu, na programu hizo mara nyingi hushindwa kitu kinapopita mbele ya uso: kingo za shavu hucheza, pua hupotea kidogo. Wengine huchezesha video ya mtu kutoka simu nyingine, midomo ikaenda huku na maneno kule. Ukiona hivyo, kata.

Mtasema, "Lakini mwanangu, nikimpima hivyo atajisikia vibaya." Mama zangu, tangu lini posa ikaenda bila kupimwa? Mshenga alikuwa akiulizia ukoo, mtaa, msikiti anaosali, madeni yake, na alimwacha mke gani kwa sababu gani. Hakuna aliyejisikia vibaya. Mwanamume wa kweli ataona haya dakika moja, atapitisha kiganja, mtacheka, mtaendelea. Asiye wa kweli atasema kamera imeharibika. Kamera iliyoharibika wiki tatu, na picha mpya anatuma kila asubuhi! Anazipiga kwa kitu gani?

Atakuja na kazi ya mbali: nahodha, askari, mhandisi wa mafuta. Hapa Tanga anaweza kukwambia yuko kwenye bomba la mafuta. Vizuri. Bomba linatoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapahapa Tanga, na Chongoleani si ng'ambo ya bahari. Mtu aliyeko Chongoleani anaweza kufika mjini siku yake ya mapumziko akanywa chai na wewe mchana kweupe. Kama hawezi kwa miezi mitatu, hayuko Chongoleani.

Sasa pesa. Haanzi na kubwa. Anaanza na vocha ya shilingi 2,000, na hataki vocha. Anataka kujua kama mkono wako hufunguka. Halafu mgonjwa, halafu "nitumie 50,000, na ya kutolea." Halafu mzigo: amekutumia zawadi, imekwama uwanja wa ndege Dar es Salaam, afisa wa forodha anakupigia anataka ushuru. Shikeni hili: ushuru wa Serikali hulipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na Serikali yenyewe. Hauendi kwenye laini ya mtu binafsi, hata huyo mtu ajiite nani. Ukilipa wa kwanza, patatokea faini. Ukilipa faini, patatokea cheti. Mzigo hautakaa ufike kwa sababu haupo. Na akikuomba upokee pesa kwenye laini yako umpelekee mwingine, kataa papo hapo: pesa hiyo inaweza kuwa imeibwa kwa mjane mwenzio, na jina litakaloonekana polisi ni lako.

Picha yake mnaweza kuikagua wenyewe. Piga skrinishoti, fungua Google, gusa alama ya kamera, chagua ile picha. Ikitokea kwa jina jingine, umemaliza. Isipotokea, usifurahi bado, maana picha zilizoibwa kwenye akaunti iliyofungwa kwa wageni hazionekani huko. Jina la laini nalo: anza kama unatuma shilingi 1,000, soma jina linalokuja kabla ya namba ya siri, kisha ghairi. Jina likiwa jingine atasema ni laini ya mdogo wake. Basi arudi kwenye kiganja.

Aliyekwisha kutuma asikae na aibu, muda ndio mali. Piga 100 kwa mtandao wako hapohapo uombe muamala uzuiwe. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni shida. Ujumbe wake upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Usifute mazungumzo, nenda polisi nayo pamoja na kumbukumbu namba ya muamala. Na atakayejitokeza baadaye akidai atakurudishia pesa kwa ada kidogo, huyo ni mwizi wa pili.

Watoto. Wengi hawaogopi mapenzi ya mama, wanaogopa nyumba. Basi malizeni mirathi kwanza. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo, Fomu namba 6. Fungu la mjane Kiislamu ni thumni marehemu akiacha watoto, robo asipoacha, na halifutwi kwa kuolewa tena. Mali uliyoingia nayo kwenye ndoa mpya ni yako. Na yule kijana anayesema "sitamwozesha mama": kwa madhehebu ya Shafii, mtoto si walii wa mama yake kwa kuwa tu ni mtoto. Walii ni baba, babu, kisha kaka na walio baada yao, na wasipokuwepo, kadhi. Wewe mjane ridhaa yako hutamkwa kwa mdomo. Kunyamaza ni kwa mwari.

Muda unanikimbia. Kukutana ni saa nne asubuhi, hoteli yenye watu, na mwanamke mwenzio ameketi meza ya pili. Bajaji iwe ya kijana unayemjua, kwenda na kurudi, gari lake usipande. Kabla ya ndoa mkapime wote wawili, VVU na homa ya ini B, na mrudie cha VVU baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kujificha. Taarifa ya ndoa hutolewa siku 21 kabla. Kachukueni mapema cheti cha kifo cha marehemu.

Kuhusu kuandika wasifu wenu nilikuwa na mengi, nitabakiza moja: msitaje nyumba wala mafao.

Adhana ya Alasiri i karibu. Toeni simu. Tuweke kufuli ya pili, mwizi asiichukue WhatsApp yenu: fungueni WhatsApp, Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Wekeni tarakimu sita, zisiwe mwaka wa kuzaliwa. Asiyeona herufi, mwenzake amsaidie kufika hapo, lakini zile sita azibonyeze mwenyewe.