Kupunguza kusikopunguza kitu

Asante, mwenyekiti. Walionisikia mara zilizopita wanajua nitaanzia wapi, wataniwia radhi. Naanza na ugomvi wangu na neno "kupunguza", tafsiri yetu ya "reduce" ya Kiingereza.

Mada yangu leo ni riduktesi ya chuma, kimeng'enya kinachokipa chuma elektroni, na vitabu vya kemia vinasema kimeng'enya hiki "hupunguza chuma". Mwanafunzi akisoma hivyo anaelewa kwamba chuma kilikuwa kingi, sasa kimebaki kidogo. Nimesahihisha majibu ya aina hiyo mpaka nimechoka: "Hupunguza chuma ili seli isizidiwe." Sifuri! Na naiandika sifuri hiyo nikijua kosa ni letu tuliotafsiri. Hakuna hata atomu moja iliyopungua. Chuma kilikuwa na chaji chanya tatu, kikapewa elektroni moja, zikabaki mbili. Kimeongezewa, nasi tunasema kimepunguzwa. Mimi husema kimekirimiwa elektroni. Wenzangu hunicheka, na wacheke.

Elektroni moja tu, kelele zote hizi za nini? Chuma ni takriban asilimia 5 ya ganda la dunia, hakijawahi kuwa adimu. Lakini penye oksijeni hukaa katika hali ya chaji tatu, na pasipo na asidi hali hiyo ni kama haiyeyuki kabisa. Ni kutu. Mmea umezika mizizi kwenye udongo uliojaa chuma, na majani yake machanga yanageuka manjano kwa kukosa chuma. Penye miti hapana wajenzi.

Mjenzi huyo mimi nimemwona, au tuseme nimeiona kazi yake. Unachukua jeli ya agari, unatia chuma cha chaji tatu na kemikali iitwayo ferozini, ambayo haina rangi ya maana mpaka ikutane na chuma cha chaji mbili. Unalaza juu yake mizizi ya mche wa Arabidopsis, kile kigugu kidogo wanachokipenda wanabiolojia. Mche uwe umeshinda na njaa ya chuma siku kadhaa. Halafu unasubiri. Mara ya kwanza sikuwa na subira, nikatoka. Niliporudi, zambarau ilikuwa imeizunguka mizizi. Pembeni niliweka mche ulioshiba chuma: rangi ilikuwa hafifu mno. Mmea hautoi elektroni zake ovyo, hutoa ukibanwa. Na ipo miche yenye jeni mbovu ambayo hata ikifa njaa haitoi rangi. Ndiyo iliyowaongoza watafiti mwaka 1999 kuitambua jeni ya FRO2, yenye maelekezo ya kutengeneza riduktesi ya mizizi.

Kimeng'enya chenyewe kimetoboa utando wa seli kutoka ndani hadi nje. NADPH, molekuli inayobeba elektroni, inazitoa ndani, zinapita kwenye molekuli iitwayo flavini, zinarukia hemu mbili, molekuli kama zile za damu, zinamfikia mgeni nje, yaani chuma cha udongoni. Na hemu, jamani, katikati yake kuna nini? Chuma! Mtaka cha uvunguni huinama; mtaka chuma sharti awe nacho. Baada ya hapo msafirishaji IRT1 hukiingiza ndani. Mizizi pia humwaga asidi, na si kwa upuuzi: pH ikishuka kwa 1, uwezo wa chuma cha chaji tatu kuyeyuka hupanda mara 1,000. Udongo wenye chokaa huinywa asidi hiyo yote, ndiyo maana huko mimea hutaabika.

Kuna bwana mmoja hukosi kumkuta kila mkutano. Atasimama aseme: hamira nayo ina kimeng'enya FRE1 cha kukirimu elektroni, lakini papo hapo kimeng'enya kingine, Fet3, kinampokonya chuma elektroni ileile kabla hajaingia. Kuvua shati mlangoni na kulivaa tena, si wendawazimu? Hapana, bwana. Nje, chuma kimeshikwa na molekuli zinazokibana kwa sababu ya zile chaji tatu. Mpe elektroni, mshiko unalegea, anatoka. Fet3 inapompokonya inamkabidhi moja kwa moja kwa Ftr1, mlango wa jirani usiopokea mwingine yeyote. Vua uachiwe, vaa utambulike. Wendawazimu uko wapi?

Mahindi, ngano na jamaa zao wana njia nyingine: hutoa molekuli za kukamata chuma cha chaji tatu na kukibeba kilivyo. Nimewataja ili msiniulize.

Naona mwenyekiti anaitazama saa. Utumbo, basi. Mwaka 2001 kiliripotiwa kimeng'enya cha utumbo kiitwacho Dcytb, kinachotumia vitamini C ya ndani ya seli kama chanzo cha elektroni. Panya walioondolewa jeni yake waliendelea karibu kama kawaida, na wapo waliokimbilia kusema hakina kazi. Taratibu! Panya hujitengenezea vitamini C, sisi hatuwezi. Mwili wa panya si mwili wako.

Na STEAP3, riduktesi ya seli zinazotengeneza damu, niliyoiandalia picha sita ambazo hamtaziona. Uboho wa mtu mzima hutumia miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku kutengeneza seli nyekundu, wakati utumbo huleta 1 au 2 tu. Kingine ni cha seli nyekundu zilizokufa. Chuma hicho husafiri kwenye damu kikiwa na chaji tatu. Kikimezwa na seli nyekundu changa ndani ya kifuko chenye asidi, STEAP3 hukikirimu elektroni, ndipo msafirishaji DMT1 hukipitisha. Panya wasio nayo wana upungufu wa damu, seli zao nyekundu ni ndogo na zimepauka, huku chuma kinaozea kifukoni. Hepsidini, homoni inayodhibiti chuma mwilini, nimeiacha. Karibuni maswali, na yule bwana aanze wa mwisho.