Usiniulize Kama Bega Bado Linauma

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wasikilizaji,

Walionisikiliza mara zilizopita wanajua nitaanzia wapi, nami sitabadilisha. Naanzia kwenye swali ambalo nimeulizwa na madaktari, jamaa na walimu wenzangu kwa miaka kadhaa: "Bega bado linauma?" Swali hilo linaulizwa kwa nia njema, lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parsonage-Turner, yaani ugonjwa wa neva za bega na mkono, ni swali baya, kwa sababu jibu lake la kweli humfanya kila aliyelisikia aamini kwamba mgonjwa amepona, ilhali pengine ndiyo kwanza mkono wake unaanza kudhoofika.

Mimi nililala mzima. Mnamo saa tisa usiku niliamshwa na maumivu juu ya bega la kulia, maumivu ambayo hayakuwa na mkao wa kuyatuliza: niliketi, yakaendelea, nilisimama, yakaendelea, niliupakata mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtoto mchanga, yakaendelea hadi kulipokucha. Niliambiwa nimelala vibaya. Baadaye niliambiwa ni kiungo cha bega, nikachomwa sindano ndani ya kiungo ambacho, kama ilivyokuja kujulikana, hakikuwa na kosa lolote. Siku ya kumi na mbili maumivu yakapungua sana, na nyumbani tukafurahi.

Siku iliyofuata nilirudi darasani. Nilichukua chaki niandike tarehe pale juu ya ubao, kama nilivyofanya kila asubuhi ya kazi yangu, na mkono ukapanda hadi kifuani ukakomea hapo. Haukuuma. Nasisitiza, maana hapa ndipo watu huacha kunisikiliza: haukuuma hata kidogo; haukwenda tu. Wanafunzi walidhani nimesahau tarehe, nami, kwa kuona haya, nikajifanya kweli nimeisahau, kisha nikaiandika chini kabisa, mahali wanapoandika watoto wakiitwa ubaoni. Jioni nilisukuma ukuta kwa viganja viwili kujipima nguvu, na mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu, akauliza ni kitu gani hicho kilichochomoza mgongoni. Kilikuwa kombe la bega langu mwenyewe, limesimama kama bawa. Nilimpelekea daktari habari hiyo. Akauliza kama bega bado linauma. Nikajibu kwamba haliumi. Akaniambia nishukuru, na akafunga faili.

Sasa tazameni kilichokuwa kikitendeka. Neva zinazohudumia bega na mkono hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni na sehemu ya juu kabisa ya kifua, zikasukana kuwa mtandao mmoja kabla ya kugawanyika tena. Katika ugonjwa huu neva hizo hupatwa na uvimbe, na uvimbe ndio unaoleta yale maumivu makali ya siku au majuma ya mwanzo. Uvimbe ukitulia maumivu hupungua, lakini nyuzi za neva zilizoharibika zimekwisha kuharibika, na msuli usiopata amri kutoka kwenye neva hulegea, kisha husinyaa. Kwangu iliyoumia zaidi ni ile neva ndefu ya kifuani inayoendesha msuli unaolishikilia kombe la bega kwenye mbavu. Wala msiniambie kwamba ugonjwa huu ni mgeni: madaktari Parsonage na Turner waliandika habari za wagonjwa 136 katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1948, na mfuatano huu, maumivu kwanza na udhaifu baadaye, tayari ulikuwamo.

Najua yupo anayesubiri kuniambia kwamba mkono dhaifu dawa yake ni mazoezi. Nimeambiwa hivyo na watu waliokuwa wakinyanyua vyuma huku wakiniambia. Msuli uliokatikiwa na neva haupati nguvu kwa kunyanyua mzigo. Kinachotokea ni kwamba misuli jirani inabeba kazi isiyo yake, inachoka, na maumivu ya aina nyingine yanazaliwa shingoni na mgongoni. Kiungo kinahitaji kusogezwa taratibu kisikakamae, na mtaalamu wa fiziotherapia anayeufahamu ugonjwa huu atakufundisha namna ya kulielekeza upya kombe la bega na kupumzika kabla ya kuchoka. Lakini neva humea kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, kwa hiyo sentimita 20 ni siku 200, na hakuna bidii ya mgonjwa itakayoifanya ikimbie.

Mwenyekiti ananionesha saa, nami nilikuwa na mengi. Kipimo cha umeme wa neva na misuli kikifanywa mapema, kabla ya wiki tatu hivi, kinaweza kuonekana safi, kwa hiyo jibu safi la wiki ya kwanza lisiwe mwisho wa uchunguzi. Dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, kama daktari ataziona zinafaa, hutolewa siku za mwanzo, na ndiyo maana kuchelewa kutambua ugonjwa kunaniudhi. Baadhi ya wagonjwa huwa wametangulia kupata maambukizi, homa ya ini aina E ikiwemo. Wengine upasuaji au uzazi. Ipo pia aina inayorithiwa, na hiyo hurudia mara nyingi zaidi. Mgonjwa anayekosa pumzi akilala chali aseme upesi, kwa sababu neva ya kiwambo cha kupumulia nayo huweza kuguswa.

Kuhusu kupona, nitajibu kwa upande wangu tu, kwa kuwa wengine hurudi karibu na hali yao ya zamani baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, na wengine hubaki na uchovu wa mkono usioonekana kwa macho. Mwenye kutaka kujua hali yangu aniulize mkono unafika wapi. Mwaka wa kwanza tarehe ilikaa chini ya ubao. Mwaka wa pili ilipanda hadi katikati. Siku hizi naiandika usawa wa macho, na kikihitajika kitu juu ya hapo, chaki nampa mwanafunzi mrefu.