Kuchangia Damu kwa Zamu za Ukoo

Wazee wangu, ndugu zangu wa Ujiji, Gungu, Mwanga na Kibirizi, asanteni kwa kuja.

Hapa Kigoma ndugu akilazwa hospitali ya Maweni na ikasemwa anahitaji damu, wajomba na shangazi hujazana hospitalini. Moyo huo tunaujua na tunauheshimu. Ila damu inayotolewa mgonjwa akiwa tayari kitandani huwa imechelewa. Ikishatoka mkononi lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha lijulikane kundi lake. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja hayo yote. Kinachomwokoa ni mfuko uliokwishapimwa na kuwekwa kwenye friji, wa mtu asiyemjua hata kwa sura.

Na hili wengi hawajaambiwa: damu ya ndugu wa tumbo moja si bora kwa mgonjwa kuliko ya mgeni. Chembe nyeupe za mtu wa karibu zinaweza kupita bila mwili wa mgonjwa kuzitambua, halafu zikaushambulia. Hutokea mara chache mno, lakini likitokea huua. Basi ukoo uchangie, tena kwa wingi, ila uchangie benki ya damu.

Mwanamume anaruhusiwa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Tuchukue ukoo wenye wachangiaji 14, wanaume 6 na wanawake 8. Wakienda wote siku moja watajaza friji mara moja, na chembe nyekundu hukaa siku 35 tu. Wagawane: kila mwezi wanaume 2 na wanawake 2. Zamu zinazunguka zenyewe, na kwa mwaka ukoo huo umetoa mifuko 48 bila mtu kurudi kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto wa kilo 10 aliyeishiwa damu kwa malaria kwa kawaida huongezewa mililita 200 hivi za damu nzima. Mfuko mmoja una 450.

Miezi ya kuangalia sana ni Desemba na Januari. Wanafunzi ni wachangiaji wakubwa, na shule zikifungwa akiba hushuka. Wakati huohuo mvua zimeshika na wodi za watoto zinajaa malaria. Pengo hilo ndilo tungependa koo zetu zilizibe.

Wavuvi wa dagaa nao wana kalenda yao. Mtu aliyekesha ziwani na taa asije kutoa damu asubuhi, wala aliyetoa damu mchana asirudi kwenye mtumbwi usiku huo. Pangeni siku zao wakati wa mbalamwezi, wakiwa nchi kavu na wamelala vya kutosha. Mkwezi wa michikichi asipande siku hiyo. Wa bodaboda apumzike hadi ajisikie sawasawa kabisa.

Kituoni utaulizwa umri, miaka 18 hadi 65, na utapimwa uzito, usiopungua kilo 50. Kidole kitachomwa kuangalia wingi wa damu, ambao usishuke chini ya gramu 12.5 kwa desilita. Palipo na kipimo cha maji ya bluu, mtazame muuguzi akidondosha tone: likizama moja kwa moja, umepita, likielea au likisitasita, unaweza kurudishwa nyumbani ukale vizuri kwanza. Watoto wakubwa hupenda kuona hilo, waleteni.

Wanaozimia wengi wao ni vijana wa mara ya kwanza waliokuja na njaa. Kula kabla, na nusu saa kabla ya sindano kunywa nusu lita ya maji. Ukiwa kitandani kaza mapaja, legeza, kaza tena. Presha haishuki ovyo. Finya ngumi taratibu damu itiririke, maana mfuko una mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda, iliyopimwa kwa damu 450. Damu ikiwa pungufu sana, dawa inazidi na mfuko hutupwa. Kwa kawaida kutoa damu hakuzidi dakika 10. Sindano ikitoka, gandamiza pamba mkono ukiwa umenyooka. Kukunja kiwiko, kama tulivyozoea, ndiko kunakofanya damu ivilie chini ya ngozi.

Kaeni dakika 15 na juisi. Hapo ndipo raha yenyewe ilipo: shangazi na mpwa wake, bandeji mkononi, wanaulizana nani anafuata mwezi ujao. Kwenda pamoja ndiko kunakowafanya watu warudi, kuliko tangazo lolote.

Maji ya mwilini hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Madini ya chuma huchelewa zaidi, kwa kuwa kila mfuko huondoka na miligramu 200 na ushee. Dagaa, maini na maharage, pamoja na limao au chungwa, yatarudisha. Kahawa na chai ya rangi zikae mbali na mlo, walau saa moja.

Ombi letu kubwa ni hili: mtu akisema mwezi huu hatoi, asiulizwe sababu. Anayelazimishwa na wakubwa wake huficha ugonjwa, na maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo. Akitaka kueleza, amweleze muuguzi faraghani. Mjamzito, anayenyonyesha na bibi wa miaka 70 hawatoi, lakini kupika na kushika daftari la zamu ni kazi zao wakizitaka.

Daftari la leo liko meza ya mlangoni. Andikeni jina la ukoo, namba ya simu ya mmoja wenu na mwezi mnaouchagua. Desemba bado haina mtu.