Ndege Ikiwa Chini

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie mkakati na ushindani katika biashara ya usafiri wa anga, na najua wengi mmekuja mkitegemea nianze na nauli. Nitaanza na saa ya mkononi.

Siku moja nilikaa dirishani katika uwanja wa Dar es Salaam nikaitazama ndege ya shirika ambalo sitalitaja. Iliposimama tu, nikaanza kuhesabu. Vijana wenye vizibao vya kung'aa wakaweka vizuizi kwenye magurudumu, mlango wa mbele ukafunguliwa, abiria wakashuka mmoja mmoja. Ngazi ya nyuma haikuja, maana ilikuwa inatumika kwenye ndege nyingine. Basi wasafishaji wakasimama chini na mifuko yao, wakingoja abiria wa mwisho, mama mmoja mwenye mtoto na kikapu. Gari la mafuta lilifika wasafishaji walipokuwa wameshamaliza. Ndege ilipoanza kuondoka, zilikuwa zimepita dakika 68. Safari yenyewe, hadi Kilimanjaro, haipiti saa moja na kitu kidogo.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme ndege ina viti 150, kila safari ni saa moja, na siku ya kazi ni saa 14, yaani dakika 840. Ikikaa chini saa nzima baada ya kila safari, mzunguko mmoja ni dakika 120, nanyi mna safari 7 kwa siku. Ikikaa dakika 25, mzunguko ni 85, mnapata safari 9. Hizo mbili za ziada ni viti 300 kila siku. Mafuta yataongezeka, marubani watahitajika zaidi, lakini malipo ya kukodi ndege kwa mwezi ni yale yale. Ndiyo maana shirika moja linaweza kuuza tiketi kwa bei ambayo jirani yake akiijaribu anafilisika.

Na kiti hakina friji. Samaki wa soko la Feri asipouzwa asubuhi utamtia barafu, ukishindwa utamkaanga. Kiti kikiondoka kitupu, kimeondoka na pesa yake.

Waliolielewa jambo hili kwa njia ngumu ni Southwest, shirika la Texas lililoanza kuruka Juni 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Kwanza mashirika makubwa yaliwafungia mahakamani miaka kadhaa wasiruke kabisa. Walipopata ruhusa, pesa ilikuwa imekwisha. Mwaka 1972 walikuwa na ndege nne za Boeing 737, wakalazimika kuuza moja ili walipe mishahara. Mtu wa kawaida angepunguza safari. Wao waliamua ratiba ibaki karibu ile ile kwa ndege tatu, na hilo liliwezekana kwa sharti moja tu, kwamba ndege igeuzwe kwa dakika kumi, yaani ishushe abiria, ipakie wengine na kuondoka tena. Kila mtu alishika kazi. Wahudumu walikusanya takataka wakati ndege bado inaelekea kwenye maegesho, na abiria hawakupangiwa namba za viti, kwa hiyo waliwahi wenyewe kupanda. Mambo mengi ambayo vitabu vya biashara vinayasifu kama falsafa ya Southwest, mimi nayaona yamezaliwa na njaa ya mwaka ule.

Mwaka uliofuata, Braniff, jitu la Texas wakati huo, likashusha nauli ya Dallas na Houston hadi dola 13, nusu ya dola 26 za Southwest. Hapa nataka mtulie kidogo. Kupigana kwa bei na mwenye mfuko mrefu ni kujimaliza. Southwest wakamwambia abiria achague: alipe 13, au alipe 26 apewe chupa ya pombe kali ya bei. Wengi wakalipa 26. Kwa nini? Kwa sababu abiria wale walikuwa watu wa shughuli. Nauli ililipwa na kampuni zao, chupa ilikwenda nyumbani. Braniff walikuwa wamesoma nauli ya mshindani, lakini hawakusoma nani anailipa. Mwaka huo wa 1973 Southwest wakapata faida yao ya kwanza, na hawakufunga mwaka kwa hasara tena hadi 2020, mwaka wa korona.

Sasa nawageuza upande wa pili, maana nisingependa mtoke hapa mkidhani dakika kumi ni dawa ya kila mtu. Nendeni Addis Ababa mkalitazame shirika la Ethiopian. Pale ndege zinafika kwa mafungu, kisha zinasubiri. Zinasubiri kwa makusudi, ili abiria wa Lagos ahamie ya Guangzhou na wa Lusaka ahamie ya Washington. Ukiwa na miji 40 inayokutana sehemu moja, unauza jozi 780 za miji. Ndege ya Southwest ikikaa chini saa mbili ni hasara. Ya Ethiopian ikiondoka mapema bila wale wa Lagos, hiyo ndiyo hasara. Njia zote mbili zimejenga mashirika makubwa, lakini huwezi kuzitumia zote mbili kwa ndege moja.

Na kwetu? Novemba 2012 Fastjet lilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa Airbus A319 zenye viti 156, tiketi za chini kabisa zikitangazwa kwa shilingi 32,000 bila tozo. Nakumbuka furaha ya siku zile. Watu waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walipiga picha kwenye ngazi, na mabasi ya kaskazini yakapata mshindani wa angani. Sitakubali mtu aseme ulikuwa mchezo, kwa sababu lilifungua mlango kwa watu wengi. Lakini mwishoni mwa 2018 likasimama. Kabla ya hapo lilikuwa limeziacha A319 na kuchukua Embraer 190, ndege ndogo zaidi, na uamuzi huo wenyewe unatueleza mengi. Rudini kwenye hesabu yetu. Safari mbili za ziada ni faida pale tu penye watu wa kuzijaza. Kati ya Dallas na Houston kulikuwa na wafanyabiashara wa kwenda asubuhi na kurudi jioni, kila siku ya kazi. Kwetu ndege hujaa Desemba watu wakienda Moshi kula sikukuu, halafu Februari inabeba viti vitupu. Mafuta na ukodishaji ni dola, tiketi ni shilingi. Precision Air wenye ATR za mapangaboi, za viti sabini hivi, wana uhuru ambao A319 haina: wakipata watu 50, wanaruka bila kulia.

Nimalizie na shirika letu la taifa, ambalo nalipenda na nalihofia. Tangu 2016 Air Tanzania limepokea ndege za mapangaboi za Q400, likapata Airbus A220, na mwaka 2018 Boeing 787 ya kwanza. Q400 inakwenda Songea, ndege kubwa zinakwenda Mumbai na Guangzhou. Kwa hiyo naomba kila kikundi kichukue ratiba ya wiki hii, kifanye kazi moja. Mchukueni mfanyabiashara wa Mbeya anayekwenda Guangzhou kununua vipuri, au mgonjwa wa Songea aliyepewa rufaa ya Mumbai. Andikeni saa anayotua Dar na saa anayoruka tena. Kama ni saa mbili au tatu, tunajenga Addis yetu. Kama analala gesti Kariakoo usiku mmoja, basi tuna mashirika mawili yaliyopakwa rangi moja, na kila moja linahitaji mkakati wake. Leteni majibu Alhamisi, pamoja na namba za safari.